Jaramogi: Mzee aliyebadilishiwa sheria kila alipokaribia debe

Ukitua Kondele ukamwambia mtu wa boda akupeleke Russia, hatakuuliza kama una pasipoti. Atakubeba hadi hospitali kuu ya rufaa ya Kisumu, akuache langoni, akudai chake. Wenyeji wameiita Russia tangu ilipojengwa kwa msaada wa Muungano wa Usovieti. Siku hizi jina rasmi ni la Jaramogi Oginga Odinga, mzee ambaye pia amepewa barabara kubwa katikati ya mji na chuo kikuu kule Bondo.

Vijana wengi wanamjua Jaramogi hivyo tu: jina la hospitali, jina la barabara, baba yake Raila. Lakini hospitali hiyo ina kisa chake. Tarehe 25 Oktoba 1969, siku ilipofunguliwa rasmi, watu walipigwa risasi hapo na kando ya barabara ya kutoka mjini. Siku tano baadaye, chama pekee cha upinzani Bungeni kikapigwa marufuku. Nchi haikupata tena chama cha upinzani kilichosajiliwa kwa miaka 22.

Tukisema demokrasia, wengi wetu tunafikiria debe la kura. Kuna debe, kuna wagombea, kuna mshindi, basi mambo sawa. Maisha ya Jaramogi yanaonyesha kwamba debe linaweza kuwepo, Bunge likawepo, mahakama zikawepo, na bado mpinzani akawa ameshindwa kabla ya kura ya kwanza kupigwa.

MWALIMU MWENYE DUKA

Alizaliwa karibu mwaka 1911 katika kijiji cha Nyamira Kang'o, Sakwa, upande wa Bondo. Alipobatizwa aliitwa Obadiah Adonijah, majina ambayo baadaye aliyatupa. Alisoma Maseno, akaenda Alliance, kisha Makerere, akarudi Maseno kufundisha. Kwa kijana Mwafrika wa wakati huo, hiyo ilikuwa njia salama kabisa. Ukishakuwa mwalimu, mshahara unaingia, unaheshimika, unanyamaza.

Yeye hakunyamaza. Aliona kwamba mtu anayelishwa na serikali hawezi kubishana na serikali kwa muda mrefu. Mwaka 1947 akaanzisha shirika la biashara, Luo Thrift and Trading Corporation, lililokusanya akiba za watu wa kawaida na kuziwekeza katika maduka, majengo na kiwanda cha kupiga chapa. Alizunguka mji hadi mji, hata nje ya Kenya, akiwashawishi Waluo waliokuwa kazini mbali na nyumbani wanunue hisa. Baadaye akawa Ker, yaani kiongozi mkuu wa Luo Union. Jina la Jaramogi, la kumhusisha na Ramogi, babu wa Waluo, likamganda.

Shika hapo hiyo habari ya maduka, maana itarudi.

Mwaka 1957 Waafrika waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Walikuwa wanane tu, na si kila mtu mzima alikuwa na haki ya kupiga kura. Odinga alichaguliwa kutoka Nyanza ya Kati. Mwaka uliofuata alisimama barazani akasema kwamba Jomo Kenyatta na wenzake waliofungwa bado ndio viongozi wa kweli machoni pa watu. Wazungu walimzomea, na hata baadhi ya Waafrika wenzake wakaona ameropoka. Kenyatta wakati huo alikuwa jina la kuogopwa. Miaka mitatu hivi baadaye kila mwanasiasa alikuwa akilitaja jina hilo jukwaani.

KANU ilipoundwa 1960, James Gichuru akawa rais wa chama, Odinga makamu wake na Tom Mboya katibu mkuu. KANU ilishinda uchaguzi wa 1961 lakini ikakataa kuunda serikali Kenyatta akiwa bado kizuizini. Alipoachiliwa Agosti mwaka huo, njia ya kuelekea Uhuru ikafunguka. Odinga akawa Waziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1963, na Kenya ilipokuwa jamhuri Desemba 1964, akawa Makamu wa Rais wa kwanza.

Hapa kuna jambo la kusemwa wazi. Novemba 1964, chama cha upinzani, KADU, kilijivunja na wabunge wake wakaingia KANU. Hakuna aliyewaambia warudi kwa wapiga kura kuomba kura upya. Serikali ilisherehekea, na Odinga alikuwa mmoja wa vigogo wake. Nchi ikabaki bila upinzani Bungeni na wakubwa hawakuona tatizo. Mwaka mmoja na nusu baadaye, mlango huohuo ulimfungia yeye.

LIMURU

Ugomvi ndani ya KANU ulikuwa wa mambo mazito. Wakulima waliopoteza mashamba wapewe bure au wanunue? Kenya iegemee Magharibi au ifanye urafiki na Mashariki pia? Odinga alikuwa ametafuta misaada na nafasi za masomo kwa vijana wa Kenya katika nchi za Kikomunisti, na wapinzani wake walimwita Mkomunisti. Februari 1965, rafiki yake wa kisiasa Pio Gama Pinto aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi. Hewa ilikuwa imechafuka.

Machi 1966 KANU ikaitisha mkutano Limuru. Hawakumfukuza Odinga, maana wangemfukuza angekuwa shujaa. Walibadilisha katiba ya chama. Cheo cha makamu wa rais wa chama kikagawanywa vipande vinane, kila mkoa na wake. Mtu hakuondolewa kitini. Kiti ndicho kilichokatwakatwa.

Aprili akajiuzulu umakamu wa rais wa nchi na kuongoza chama kipya, Kenya People's Union, KPU, alama yake fahali. Wabunge na maseneta wapatao 30 wakaonekana kuhamia huko, pamoja na Bildad Kaggia wa Kandara na Achieng Oneko aliyekuwa waziri. Hao wawili walikuwa wamefungwa pamoja na Kenyatta na mkoloni.

Kabla mwezi haujaisha, Bunge likapitisha marekebisho ya Katiba: mbunge akihama chama kilichomdhamini, anapoteza kiti na kurudi kwa wapiga kura. Ukiisoma bila kujua siku ilipotungwa, utaona ni sheria nzuri. Watu walikuchagua kwa tiketi hii, ukitaka nyingine waulize kwanza. Lakini wale wa KADU hawakuulizwa. Sheria ilikuja siku ambayo watu walihama kutoka KANU, si siku ambayo walihamia KANU. Baadhi ya waliohama waliposikia habari hiyo wakajaribu kurudi mbio. Wapi! Wakaambiwa wameshachelewa.

Juni 1966 ukafanyika uchaguzi mdogo wa viti 29, ulioitwa Uchaguzi Mkuu Mdogo. KPU ilikuwa na majuma machache tu tangu izaliwe. Redio ilikuwa ya serikali, maafisa wa utawala walikuwa wa serikali, na vibali vya mikutano vilitoka kwa haohao. KPU ikapata viti 9, KANU 20. Kumbe ukijumlisha kura zote zilizopigwa, KPU ndiyo iliyopata nyingi zaidi. Odinga alishinda Bondo bila jasho. Kaggia alianguka Kandara na Oneko akaanguka Nakuru, na chama kilichotaka kuwa cha maskini wa kila kabila kikabaki na nguvu zake hasa Nyanza. Hilo ndilo lililokuwa pigo kubwa kuliko idadi ya viti. Kuanzia hapo ikawa rahisi kukiita chama cha kabila moja.

WAGOMBEA 1,800, WALIOPITA SIFURI

Katika miaka mitatu iliyofuata KPU haikuwa imepigwa marufuku. Ilikuwa halali kabisa kwa karatasi. Lakini jaribu kuishi ndani yake.

Sheria ya usalama wa umma ya 1966 iliruhusu mtu kuzuiliwa bila kushtakiwa, na baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi waliokuwa karibu na KPU wakabebwa mapema. Kibali cha mkutano kikiombwa, kinacheleweshwa au kinakataliwa. Matawi yakiomba kusajiliwa, majibu hayaji. Mtumishi wa serikali akijulikana ni KPU, kazi imeisha. Mwenye duka, leseni. Mkulima, mkopo. Hapa ndipo unaelewa kwa nini mwalimu wa Maseno alianza na maduka kabla ya siasa: aliyejua kwamba tumbo ni kura ya kwanza hakuwa yeye peke yake. Serikali pia ilijua.

Kaggia alifungwa jela mwaka 1968 kwa kosa la kuhutubia mkutano usio na kibali. Alipotoka hakukaa sana, akarudi KANU.

Agosti 1968 ulikuwa wakati wa kuchagua madiwani nchi nzima. KPU ikapeleka wagombea wapatao 1,800. Maafisa wa uchaguzi, waliokuwa maafisa wa utawala, wakazipitia fomu zao za uteuzi. Hii ina kasoro. Hii pia. Hii nayo. Zote zikakataliwa. Wagombea wa KANU wakapita bila kupingwa, na hakuna aliyelazimika kuiba hata kura moja.

Kijana wa leo asidhani hayo ni mambo ya kale. Novemba 2019, katika uchaguzi wa serikali za mitaa Tanzania, wagombea wengi mno wa upinzani walienguliwa kwa kasoro za fomu, vyama vikubwa vya upinzani vikasusia, na CCM ikatwaa zaidi ya asilimia 99 ya viti. Ni miaka 51 baadaye, nchi jirani, fomu zilezile.

Mwaka huohuo wa 1968 Katiba ilirekebishwa tena na mgombea huru akafutwa. Bila chama, huwezi kugombea. Na vyama vilikuwa viwili, kimoja kikiwa kinanyongwa polepole.

Hata hivyo KPU haikufa. Mei 1969, katika uchaguzi mdogo wa Gem baada ya kifo cha waziri Argwings-Kodhek, mgombea wao Wasonga Sijeyo alimshinda wa KANU. Uchaguzi mkuu ulikuwa unakaribia. Kura zikihesabiwa kwa haki, chama hiki bado kingeweza kushinda mahali.

JUMAMOSI YA RUSSIA

Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya aliuawa kwa risasi Nairobi. Mboya alikuwa wa KANU, hasimu mkubwa wa Odinga, lakini alikuwa Mluo na kifo chake kiliwasha moto. Watu wa Kisumu waliokuwa wamegawanyika kati ya wawili hao wakawa kitu kimoja katika hasira.

Ndani ya hali hiyo, Mzee Kenyatta akaja Kisumu tarehe 25 Oktoba kufungua hospitali ambayo msaada wake ulitafutwa na Odinga mwenyewe. Kulikuwa na makelele ya KPU katika umati. Kenyatta na Odinga wakarushiana maneno makali hadharani, wazee wawili waliowahi kuteteana. Vurugu zikaanza, mawe yakarushwa, na walinzi wa rais wakafyatua risasi. Msafara ulipoondoka, risasi ziliendelea kupigwa njiani. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Watu wa Kisumu hawajawahi kuikubali hesabu hiyo, na walioanguka walikuwemo watoto waliokuja kumuona rais.

Jumatatu, Odinga na wabunge wenzake wa KPU wakawekwa kizuizini. Alhamisi, tarehe 30, chama kikapigwa marufuku. Desemba 6 nchi ikapiga kura, KANU ikiwa peke yake kwenye karatasi. Wabunge wengi wa zamani walianguka, wapya wakaingia, na ulimwengu ukaambiwa kwamba Kenya ina uchaguzi wenye ushindani. Ni kweli ulikuwa na ushindani. Ushindani wa nani amtumikie Mzee.

MIAKA YA KUNGOJA

Odinga aliachiliwa Machi 1971, akarudi KANU maana hakukuwa na pengine pa kwenda. Uchaguzi wa 1974 ulipofika, akazuiwa kugombea. Wa 1979, akazuiwa tena, safari hii Kenyatta ameshafariki na rais ni Daniel arap Moi. Moi akamwonjesha asali: mwaka 1980 alimpa uenyekiti wa bodi ya pamba. Ilisemekana angerudi Bungeni kupitia Bondo. Lakini mzee hakuweza kuuzuia mdomo wake, akamsema vibaya marehemu Kenyatta kuhusu unyakuzi wa ardhi, na mlango ukafungwa.

Mwaka 1982 yeye na George Anyona wakataka kuanzisha chama. Kisheria, hakuna kilichowazuia, kwa sababu nchi ilikuwa ya chama kimoja kwa mazoea tu. Odinga alifukuzwa KANU, Anyona akawekwa kizuizini, na Juni mwaka huo Bunge likaingiza kifungu cha 2A katika Katiba: chama ni kimoja, KANU. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, mwanawe Raila akakamatwa na mzee akafungiwa nyumbani kwake Kisumu.

Hesabu mwenyewe. Mwaka 1966 alihama, sheria ya kuhama ikaja. Mwaka 1968 akapeleka madiwani, fomu zikakataliwa. Mwaka 1969 alikuwa bado na uwezo wa kushinda viti, chama kikafutwa. Mwaka 1982 akataka kusajili kingine, Katiba ikabadilishwa. Kila alipopata mwanya, mwanya ukazibwa kwa sheria, na kila sheria ilipitishwa na Bunge lililochaguliwa.

SITA HAWAFIKI KUMI

Mapema 1991, akiwa na umri wa karibu miaka 80, alitangaza chama kingine. Kikanyimwa usajili. Basi naye akaanza kuzisoma sheria kama walivyozisoma wao. Sheria ya vyama na vikundi ilihusu muungano wa watu kumi au zaidi. Agosti mwaka huo ikatangazwa FORD, si kama chama bali kama vuguvugu. Waanzilishi walikuwa sita: Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge na Ahmed Bamahriz. Sita hawafiki kumi.

Ukiangalia majina hayo utaona alijifunza na la pili. KPU ilizingirwa Nyanza ikamalizwa. FORD ilikuwa na mtu wa Magharibi, wa Kati, wa Ukambani na wa Pwani. Novemba walijaribu kufanya mkutano Kamukunji, polisi wakautawanya na viongozi wakakamatwa. Mwezi huohuo wafadhili walisimamisha misaada mipya kwa Kenya. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa.

Laiti kisa kingeishia hapo, tungepiga makofi twende nyumbani. Lakini mwaka 1992 FORD ilipasuka. Kenneth Matiba alitaka kugombea urais, Odinga pia, hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake. Zikawa mbili: FORD-Kenya ya Odinga na FORD-Asili ya Matiba. Mwai Kibaki alikuwa na DP yake.

Moi naye hakulala. Kanuni mpya ikasema mshindi lazima apate asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane, kipimo ambacho KANU ilikiweza kuliko wengine. Noti za Sh500 zilimwagwa hadi watu wakaziita Jirongo. Ghasia za Bonde la Ufa ziliwafukuza maelfu kutoka vituo vyao vya kura. Na vijana wengi waliokuwa wametimiza miaka 18 hawakupata vitambulisho kwa wakati, kwa hivyo hawakusajiliwa.

Yote hayo ni kweli. Lakini matokeo ya Desemba 29 ni haya: Moi karibu asilimia 36, Matiba 26, Kibaki 19, Odinga 17. Watatu wa upinzani wakijumlishwa walipata zaidi ya asilimia 60. Uwanja uliinama, sawa. Ila siku hiyo walijikwaa pia kwa miguu yao wenyewe, na Jaramogi, aliyekuwa wa nne, ana sehemu yake ya lawama.

Mwaka wake wa mwisho haukuwa mtamu. Alirudi Bungeni kama mbunge wa Bondo, akatangaza ushirikiano na KANU, akiamini Nyanza imekaa kwenye baridi vya kutosha. Vijana wa chama chake walichukia. Kisha akakiri kupokea Sh2 milioni kutoka kwa Kamlesh Pattni, mfanyabiashara wa sakata ya Goldenberg, akisema zilikuwa mchango. Mtu aliyejenga maduka ili asinunuliwe alijikuta akieleza pesa za watu. Ukiweka upinzani miaka 25 bila njaa yake kushibishwa, hata mzee mwenye msimamo anaweza kuona mkono wowote ni msaada. Hiyo si kumtetea. Ni kusema jinsi mambo yalivyo.

Alifariki Kisumu tarehe 20 Januari 1994, akazikwa Nyamira Kang'o.

DENI LILILOBAKI

Katiba ya 2010 ilirudisha mgombea huru, yule aliyefutwa 1968. Ukimwona kijana wa Nyalenda au Manyatta akigombea udiwani bila chama, ujue kilichukua miaka 42 kurudishiwa haki hiyo. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais kwa sababu kanuni hazikufuatwa, na aliyelalamika alikuwa mwanawe Jaramogi. Ile sheria ya 1966 nayo ipo hadi leo: mbunge akijiuzulu kutoka chama chake, kiti kinaenda. Ni sheria ileile, na bado ni nzuri au mbaya kutegemea inamkamata nani na inamwacha nani.

Kwa hivyo sisi vijana tukisubiri miezi ya kampeni ndipo tuanze kufuatilia siasa, tumechelewa. KPU haikushindwa siku ya kupiga kura Agosti 1968, maana siku hiyo haikuwepo. Ilishindwa ofisini, mezani, fomu zikigeuzwa moja baada ya nyingine na afisa ambaye hakuna aliyekuwa akimtazama.

Siku nyingine boda ikikushusha Russia, tazama lile lango mara mbili. Watu walikwenda pale kuona hospitali ikifunguliwa, na wengine hawakurudi nyumbani. Majina yao hayako kwenye barabara yoyote.